Karatasi Niliyomwandikia Babu

Wazee wetu, mama zetu, na vijana wenzangu mnaojiona mna akili, naomba mnisikilize. Nina jambo la kusema juu ya mzaha, na nalisema kama mtaalamu, kwa sababu kwa miaka mitatu hakuna mtu mtaani kwetu Mjimwema aliyefanya mzaha kwa bidii kuliko mimi, Brayson, mtoto wa pili wa dereva wa lori la mbao.

Likizo ile nyumba yetu ilikuwa na amani. Ukungu uliondoka saa tatu, kama kawaida ya Njombe. Mama alikuwa uani akimenya viazi, amekalia gogo lililowekwa mto kwa sababu ya mgongo wake. Babu Danieli, baba yake mama, alikuwa kwenye kibanda chake cha useremala akipiga randa mlango wa mteja, huku akiimba sauti ya besi ya wimbo wa kanisani. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya marundo ya mbao, sifanyi chochote, na shetani hupenda kunikuta nikiwa hivyo.

Kwetu, babu na mjukuu ni watani. Hili mnalijua. Mjukuu anaweza kumwambia babu yake kwamba amezeeka na sasa amwachie bibi, na babu hakasiriki. Akikasirika, watu wanamcheka. Mimi na Babu Danieli tulikuwa tumeuchukua utani huo tukaufanya kazi. Nilipokuwa darasa la saba alinituma nikanunue nusu kilo ya misumari ya mpira. Nilizunguka maduka matatu, na muuza duka wa tatu ndiye aliyenionea huruma. Nami nikiwa kidato cha tatu nilimpigia simu kwa sauti nzito, nikajitambulisha kuwa afisa mtendaji wa kata, nikamwambia jogoo wake analalamikiwa na anatakiwa ofisini. Akaenda. Akamweka jogoo juu ya meza ya mtendaji. Walicheka kata nzima, na babu alicheka kuliko wote.

Basi siku ile akaacha kupiga randa, akaniambia, "Wewe Brayson, Dar unaijua?"

"Naijua kama mfuko wa suruali yangu." Hapo sikudanganya sana. Nilikuwa nimekaa likizo mbili Buguruni kwa baba mdogo Abel, kabla hajahamia Mtwara.

"Mwezi ujao nataka kwenda Dodoma kumwona dada yangu Yunisi kabla hatujafa. Nitapanda treni hapa Makambako hadi Dar. Halafu nipande hii ya umeme hadi Dodoma."

"Babu, kuna basi linatoka hapa moja kwa moja hadi Dodoma."

"Basi sipandi." Kweli hakuwa akipanda, tangu lile lililompeleka Songea lilipolala ubavu mtaroni na yeye ndani. "Niambie tu, nikishuka kwenye stesheni moja, naifikaje ile nyingine?"

Jibu la kweli ni fupi. Ukishuka stesheni ya Tazara unatoka barabarani, unapanda gari linalokwenda mjini, na unamwambia kondakta akushushe Stesheni. Gari moja tu. Foleni isipokuwa na hasira, nusu saa.

Nilimwangalia babu akisubiri, penseli ya seremala nyuma ya sikio. Nikakumbuka misumari ya mpira.

"Ni safari ngumu, babu," nikasema. "Ngoja nikuandikie."

Niliandika kwa mwandiko wangu bora, ule wa kwenye mtihani. Kichwa cha habari: MWONGOZO WA SAFARI. Ukitoka Tazara, panda gari la Ubungo. Ukifika Ubungo, vuka, panda la Mwenge. Mwenge panda la Makumbusho. Makumbusho panda la Posta, na ukishuka Posta utembee hadi Stesheni. Magari manne. Nilimzungusha mji nusu nzima ili afike mahali ambapo gari moja lingemfikisha. Na kwa kuwa nilijua kwamba mtu wa kwanza atakayeulizwa angeuharibu mzaha wangu, nikaongeza mstari wa mwisho na kuupigia mstari chini: *Usimwulize mtu yeyote njia. Wakijua wewe ni mgeni, watakupoteza.*

Babu alisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia yake.

"Elimu ni kitu kizuri," akasema.

Nilitaka kucheka hadi mbavu ziume. Mpango wangu ulikuwa huu: babu ni mzima, hana haraka, hana tiketi ya saa maalumu. Angezunguka, angeiona Dar, angechelewa, angepanda treni inayofuata, kisha angenipigia simu anitukane kwa Kibena. Hakuna ambaye angeumia. Nataka mlishike hilo neno, maana kila mfanya mzaha analo: *hakuna ambaye angeumia.*

Likizo ikaisha. Nikarudi shuleni, shule ya bweni iliyo kati ya Njombe na Makambako, ambako simu ya mkononi ni kosa kubwa kuliko wizi.

Sasa niwaambie habari ya mama. Mama yangu, Fidelia, aliteleza shambani akiwa amejitwisha kiroba cha viazi. Mgongo ukauma, tukausugua dawa, tukasema utapoa. Haukupoa. Mguu wa kushoto ulianza kufa ganzi. Siku chache baada ya mimi kurudi shule alikwenda hospitali ya Ilembula, na daktari wa kule akamweleza bila kuzunguka: mshipa wa fahamu umebanwa, unahitaji bingwa, na ukiendelea kubanwa mguu hautarudi kama ulivyokuwa. Akamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa ya Dodoma. Huko bingwa alikuwa akija mara moja kila wiki sita. Mama akapangiwa Jumatano, saa mbili asubuhi.

Daktari akasema pia asikae kitako kwa muda mrefu. Kwenye basi angekaa siku nzima. Kwenye treni ya Makambako angeweza kulala kitandani usiku kucha, na ile ya umeme kutoka Dar haikawii wala haitikisiki. Baba alikuwa safarini na lori. Ndipo babu akasema, "Nitampeleka mimi. Tena safari yote ninayo kwenye maandishi."

Habari hizi zote nilizipata Jumatatu alasiri, kutoka kwa dada yangu Rosemary. Alikuwa ametoka kuwasindikiza Makambako, akapitia shuleni kuniletea sabuni na sukari.

"Nimewakatia tiketi za treni ya umeme," akasema. "Ya kesho saa nane mchana. Makambako wameondoka salama. Mama amelazwa kitanda cha chini."

"Na babu?"

"Babu ndiyo usiseme. Anaisoma karatasi yako kama Zaburi. Nikamwambia babu, mkifika mpige simu, mimi nitauliza watu mtandaoni. Akasema haina haja, Brayson amemaliza kila kitu."

Sabuni ilinitoka mkononi. Rosemary akaniuliza kama naumwa. Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi, ndugu zangu. Ningesema sentensi moja tu. Lakini Rosemary ana ulimi, na wenzangu wawili walikuwa wamesimama karibu wakisubiri sukari. Nikasema, "Jua tu." Akaondoka na gari la Njombe.

Sikula. Asubuhi ya Jumanne, badala ya kwenda darasani, nilikwenda ofisi ya mwalimu wa nidhamu, Mwalimu Agustino, mtu ambaye kwa kawaida unakwenda kwake ukiitwa tu.

"Umefanya nini?" akauliza kabla sijaketi.

"Nimemwandikia babu yangu njia ya uongo, mwalimu. Na sasa yuko njiani na mama, na mama ni mgonjwa."

Akaniomba nirudie. Nikarudia, pamoja na ule mstari wa mwisho. Kisha akatoa simu yake mwenyewe, akaiweka mezani. "Tutazungumza baadaye kuhusu mgongo wako wewe. Piga."

Simu ya mama ilikuwa kwa fundi. Ya babu haikupatikana saa mbili, wala saa tatu. Babu huzima simu ili kutunza chaji. Saa nne na nusu ikaita.

"Halo. Tumeshuka salama," akasema babu. Nyuma yake nilisikia honi za Dar.

"Babu, ni Brayson. Ile karatasi ni ya uongo. Usiifuate. Panda gari moja tu, la kwenda mjini, mwambie kondakta akushushe Stesheni."

Halafu nikasikia kicheko chake, kile cha tumboni.

"Umeanza," akasema.

"Babu, nasema kweli."

"Shule hawaruhusu simu. Umeiba simu ya nani ili unipoteze? Karatasi uliiandika ukiwa umetulia, mbele yangu, kwa mwandiko mzuri. Sasa unaona nimefika salama, unataka kunivuruga. Mimi si wa jana, bwana mdogo."

"Nipe mama."

"Mama yako amejilaza kwenye benchi, usimsumbue."

Mwalimu Agustino akaninyang'anya simu. "Mzee, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa nidhamu wa shule ya Brayson. Anachokuambia ni kweli."

Babu akacheka zaidi. Nilimsikia kutoka nilipokaa. "Marahaba, Bwana Afisa Mtendaji," akasema. "Jogoo hajambo, anakusalimu." Akakata. Tulipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa.

Mwalimu aliiangalia simu, akaniangalia mimi. "Afisa mtendaji gani?" akauliza. Nikamweleza na hilo pia. 

Yaliyofuata nilisimuliwa na mama, na ninayaeleza kama alivyoyasema, bila kuongeza wala kupunguza.

Waliondoka Tazara kwenye saa tano kasoro. Gari la Ubungo walipata kiti kimoja, mama akakaa, babu akasimama na begi. Kabla ya Ubungo mama alikuwa ameuma kitambaa cha leso kwa maumivu. Waliposhuka ikabidi apumzike, akalala juu ya kanga pembeni ya kibanda cha muuza viatu. Kisha wakapanda la Mwenge. Huko mguu wa kushoto ukakataa kabisa. Babu alimshusha kwa kumkumbatia kiunoni.

"Baba, tuulize mtu," mama akasema.

Babu akatoa Biblia, akatoa karatasi, akamwonyesha mstari wa mwisho. "Mtoto ameandika tusiulize. Yeye ndiye anayewajua watu wa huku."

Wakapumzika tena. Makumbusho wakafika saa saba na robo. Mama hakuweza kusimama, akakaa kwenye ukingo wa barabara. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mayai ya kuchemsha akaweka ndoo yake chini, akamwinamia.

"Pole, dada. Mnakwenda wapi na hali hii?"

Babu akamkonyeza mama asiseme. Mama akasema.

"Tunakwenda stesheni ya treni ya umeme. Treni yetu ni saa nane."

"Na mmetokea wapi?"

"Tazara."

Yule mama akahesabu kwa vidole. "Mmetoka Tazara," akasema polepole, "mkaja Makumbusho, ili mwende Stesheni?"

Babu, akiwa na hakika bado, akampa karatasi. Akaisoma yote hadi chini, kwenye ule mstari nilioupigia mstari. Akauliza, "Mzee, aliyeandika hii ana ugomvi na nyinyi?"

"Ni mjukuu wangu," babu akajibu. "Ananipenda sana."

Mama anasema babu alirudishiwa karatasi, akaisoma tena, midomo ikicheza, kituo kwa kituo. Akaikunja. Hakuirudisha kwenye Biblia. Aliitia mfukoni.

Yule mama wa mayai aliwatafutia bajaji, akamwambia dereva apite njia za ndani. Walifika Stesheni saa nane na dakika kumi na mbili. Treni ya umeme haisubiri watu, na hilo si kosa lake. Za jioni zilikuwa zimejaa. Wakapata ya kesho yake asubuhi. Jumatano mchana, mama alipoingizwa hospitali kwenye kiti cha magurudumu, bingwa alikuwa amemaliza wagonjwa wake na kuondoka.

Wakaambiwa warudi baada ya wiki sita.

Shuleni nilichimba shimo la taka kwa majuma mawili, na nilichimba bila kunung'unika, ingawa sina mazoea hayo. Hiyo haikuwa adhabu. Adhabu ilikuja mwisho wa muhula, nilipofika nyumbani na kumkuta mama anatembea kwa fimbo aliyochongewa na babu, vidole vya mguu wa kushoto vikiburuza vumbi.

Mama alinipokea begi. "Sina ugomvi na utani wenu," akaniambia. "Lakini mguu wangu hauujui utani, Brayson. Wenyewe ulikuwa unakwenda hospitali tu."

Nikaenda kibandani. Kila siku babu hunianza yeye kwa salamu ya Kibena, "Kamwene, mzee mwenzangu, bado hujaoa?" Siku hiyo hakunianza.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Vizuri." Akaendelea kupiga randa.

Ndivyo alivyonisalimu siku ya kwanza, ya pili, na ya tano. Hakunigombeza. Hakunisema kwa baba. Alinitendea kwa adabu, kama mtoto wa jirani aliyekuja kuazima msumeno. Nilijaribu kumwambia kwamba amezeeka, akasema, "Ni kweli." Wale mnaodhani fimbo inauma, hamjapata kujibiwa "ni kweli" na mtani wenu.

Wiki ya sita ikafika nikiwa bado likizo. Baba akaamua niende nao, nimbebe mama ikibidi. Tukapanda treni Makambako, tukashuka Tazara asubuhi. Nikamwambia babu, "Ni gari moja tu, linalokwenda mjini. Tunasimama upande huu."

Babu akamgeukia muuza magazeti. "Samahani, kijana. Huyu mjukuu wangu anasema gari la Stesheni tunalipandia upande huu. Ni kweli?"

"Ni kweli, mzee."

Akamshukuru, akamwuliza askari wa barabarani. Akamwuliza mama mwenye mtoto. Gari lilipokuja akamwuliza kondakta, na alipokwisha kuketi akamwuliza abiria wa kushoto, kisha wa kulia, kisha wengine wa mbele na wa nyuma, kila mara kwa maneno yaleyale: huyu mjukuu wangu anasema. Gari zima likanifahamu. Tuliposhuka, jengo la stesheni likiwa limesimama mbele yetu, kubwa, na jina lake limeandikwa kwa herufi ambazo hata kipofu angezisikia, babu alimwendea mlinzi.

"Mjukuu wangu anasema hii ndiyo stesheni. Ni kweli?"

Mlinzi akatazama juu kwenye jengo, akanitazama mimi. "Ni kweli, mzee."

Nilihesabu watu kumi na wanne. Babu akanigeukia. "Umesema kweli," akasema, na tukaingia ndani saa mbili nzima kabla ya muda.

Ndani ya treni mama alikaa dirishani, mto nyuma ya mgongo. Babu alikaa mbele yangu. Baada ya muda treni ikapunguza mwendo, watu wakaanza kushusha mizigo. Babu akachungulia nje, akaniambia kwa uso mkavu kabisa, "Dodoma hiyo. Chukua begi, simama mlangoni mapema tusichelewe."

Nje, milima ya Uluguru ilikuwa imekaa mahali pake. Mtoto wa chekechea angejua kwamba tuko Morogoro. Lakini mimi nilikuwa mtu wa namna gani wa kumbishia Babu Danieli juu ya njia? Nikachukua begi, nikaliweka begani, nikaenda kusimama mlangoni pamoja na watu wa Morogoro. Walishuka wote. Nikabaki peke yangu na begi.

Ndipo nikasikia kile kicheko cha tumboni.

"Kamwene, mzee mwenzangu," babu aliita, behewa zima likisikia. "Hata milima huioni? Rudi ukae. Misumari ya mpira wanauza mbele."

Mama alicheka hadi akashika mgongo, akasema jamani naumia, akaendelea kucheka. Nikarudi kukaa. Nilifuta macho, na nikasema ni vumbi, ingawa madirisha ya treni ile hayafunguki.

Bingwa alimwona mama siku iliyofuata, akampasua juma lilelile. Mgongo umepona. Mguu umerudi, lakini si wote. Bingwa alisema wazi kwamba wiki zile sita zilikula kitu ambacho hawezi kukirudisha. Asubuhi za baridi, na Njombe hatuna uhaba wa asubuhi za baridi, utasikia vidole vya mama vikiburuza sakafuni kabla hujamwona. Mimi huvisikia kila siku ya likizo.

FUNZO

Utani ni mali ya ukoo, na anayeutumia vibaya anawaibia na wengine. Mtanie babu yako juu ya uzee wake, juu ya jogoo wake, juu ya sauti yake kanisani. Usimtanie mtu juu ya njia. Anayekuuliza njia amekukabidhi miguu yake, na hujui ni nani atakayetembea naye.

La pili: ukigundua uongo wako unaelekea kumdhuru mtu, sema ukweli saa ileile, hata kama wenzako wanasubiri sukari. Ukingoja asubuhi, ukweli wako utafika umevaa nguo za uongo, na hakuna atakayeufungulia mlango.

Na nyinyi wazee mnaosafiri: ulizeni. Ulizeni watu kumi na wanne. Yule mama wa mayai yupo kila mji, na hajawahi kumpoteza mtu.